Aligundua: Kitenzi Kinachoelemea Vibao vya Wanasayansi

Kwetu Afrika Mashariki ukitaja kibao cha kumbukumbu, wengi wanafikiria jiwe la msingi. Bamba la marumaru limefunikwa pazia dogo, mgeni rasmi anavuta kamba, watu wanapiga makofi, na hapo linaonekana jina la mheshimiwa, cheo chake na tarehe. Ukilisoma miaka 30 baadaye unajua waziri wa wakati ule alikuwa nani. Aliyechora ramani ya jengo hayumo. Fundi hayumo. Mhandisi aliyepiga hesabu za zege naye hayumo. Hatushangai, kwa sababu tunajua jiwe lile linakumbuka sherehe tu.

Kuna vibao vingine vilivyojitwika mzigo mzito zaidi. Vinamwambia mpita njia kwamba hapa alipo, siku fulani, mtu fulani aligundua jambo lililobadilisha ujuzi wa binadamu. Vimejaa London, vipo Dublin, vipo Kolkata, na kimoja kinapigwa na vumbi la Ngorongoro. Kila kimoja kinataka jina, mahali na tarehe, kisha kinaviunganisha vyote kwa kitenzi kimoja: aligundua. Mimi naona tatizo lote linaanzia kwenye kitenzi hicho.

Tuanze nyumbani. Ndani ya bonde la Oldupai kuna nguzo fupi ya zege yenye bamba. Linasema kwamba fuvu la Australopithecus boisei, yaani Zinjanthropus, lilipatikana hapo na M. D. Leakey, tarehe 17 Julai 1959. Fuvu hilo ni la kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, na huyo M. D. ni Mary, mtafiti wa mabaki ya kale. Siku ile mumewe, Louis, alikuwa amelazwa na homa kambini. Mary akatoka na mbwa wake, akaona mfupa unachungulia kwenye mteremko. Kwa hiyo jina lililo kwenye bamba ni la mtu aliyestahili, na si jambo dogo, maana kwa miaka mingi mtu akisema "Leakey aligundua" msikilizaji alimfikiria Louis moja kwa moja.

Ila sikia mahali penyewe panavyoitwa. Watafiti wanapaita FLK, kifupi cha Frida Leakey Korongo. Korongo ni korongo letu hilihili la Kiswahili. Frida ni mke wa kwanza wa Louis, yule aliyeachika kabla Mary hajaolewa. Basi ugunduzi mkubwa wa maisha ya Mary una anwani yenye jina la mwanamke aliyemtangulia, na hakuna bamba litakaloweza kueleza hilo bila kugeuka umbea.

Jina la fuvu lenyewe lina safari yake. "Zinj" linatokana na Zanj, neno ambalo Waarabu wa kale waliitia pwani yetu, na ndilo lililojificha ndani ya neno Zanzibar. "Boisei" ni shukrani kwa Charles Boise, mfadhili wa uchimbaji. Baadaye wataalamu wakaona kiumbe huyu hastahili jenasi, yaani kundi la spishi, ya peke yake, wakamwita Australopithecus boisei. Leo wengi wanamwita Paranthropus boisei. Maana ya ugunduzi nayo ikahama. Mwanzoni Louis alitangaza kwamba amempata mtengenezaji wa zile zana za mawe zilizotapakaa bondeni. Mwaka uliofuata mifupa mingine ikaanza kutoka ardhini, ya kiumbe mwenye ubongo mkubwa zaidi, na mwaka 1964 Louis, Phillip Tobias na John Napier wakampa jina la Homo habilis, mtu hodari wa mikono. Sifa ya zana akakabidhiwa huyo. Zinj akabaki na meno yake makubwa. Bamba linajua nani aliokota nini na lini, na hapo halina kosa. Kile kitu ni nini hasa, hilo zege halikuweza kulifuatilia.

Utaratibu maarufu kuliko yote ni ule wa vibao vya buluu vya London. Mbunge William Ewart alitoa wazo mwaka 1863, na kibao cha kwanza kikawekwa mwaka 1867 kwenye nyumba alikozaliwa mshairi Byron. Nyumba ikabomolewa mwaka 1889 na kibao kikaenda nayo. Siku hizi kazi hiyo iko chini ya English Heritage, shirika linalotunza majengo ya kale, na masharti yake yamekaza: anayekumbukwa awe amekwisha kufa miaka 20 iliyopita, na jengo alimoishi au kufanyia kazi liwe bado limesimama. Sharti la miaka 20 lina busara, kwani sifa nyingi hupoa kabla ya udongo wa kaburi kukauka. Sharti la jengo ndilo linaloleta mambo, kwa sababu maabara hubomolewa au hugeuzwa maegesho ya magari wakati nyumba za kupanga zinadumu. Matokeo yake kibao humfuata mwanasayansi nyumbani, alikokuwa analala.

Alexander Fleming ana kibao Danvers Street, Chelsea, alikoishi. Penisilini aliiona hospitali ya St Mary's, Paddington, mwaka 1928, na huko kuna kibao kingine kinachosema aligundua dawa hiyo katika chumba kilicho juu yake. Aliona ukungu umeua bakteria kwenye kisahani, akaandika, akajaribu kidogo, akaendelea na mengine. Waliougeuza ukungu ule kuwa dawa ya kumponya mgonjwa ni kundi la Oxford miaka ya mwanzo ya 1940, likiongozwa na Howard Florey. Wao wana jiwe kwenye bustani ya waridi mjini humo, lenye majina kumi. Muulize mtu yeyote nani aligundua penisilini uone kama atakutajia hata jina moja kati ya hayo kumi. Jina moja hukaa kichwani. Kumi hugeuka orodha ya mahudhurio.

Lakini kibao ninachokipenda kuliko vyote kipo Kolkata, India, kwenye lango la hospitali kongwe inayoitwa sasa SSKM. Kinasema kwamba katika maabara ndogo iliyo yadi 70 kusini mashariki mwa lango hilo, Ronald Ross, daktari wa jeshi, mwaka 1898 aligundua namna malaria inavyoenezwa na mbu. Hebu tazama usahihi huo! Yadi zimehesabiwa, upande wa dira umetajwa. Kumbukumbu hiyo ilizinduliwa mwaka 1927, Ross mwenyewe akiwa hai na akiwapo, jambo ambalo masharti ya London yasingeliruhusu.

Sasa tufumue uzi. Mwaka 1880, huko Constantine, Algeria, daktari Mfaransa Alphonse Laveran aliona vimelea vikitikisika ndani ya damu ya askari mgonjwa. Vinaingiaje mwilini, hakujua. Mwaka 1894, jijini London, daktari Patrick Manson alimweleza Ross fununu yake kwamba mbu wanahusika. Ross akarudi India, akapasua mbu kwa mamia, wengi wao wa aina isiyohusika. Agosti 1897, akiwa Secunderabad, akapata mbu wenye mabawa ya madoadoa. Akawaachia wamuume mgonjwa aitwaye Husein Khan, ambaye alilipwa anna moja, sarafu ndogo ya India, kwa kila mbu aliyemuuma. Tarehe 20 Agosti, kwenye ukuta wa tumbo la mmoja wa mbu hao, hadubini ikaonyesha chembe zenye ule weusi ambao vimelea vya malaria huwa nao. Siku hiyo ndiyo dunia inayoiadhimisha kila mwaka kama Siku ya Mbu.

Kwa hiyo kalenda inasema Secunderabad, 1897. Lango linasema Kolkata, 1898. Wote wawili wanasema kweli. Kuona vimelea tumboni mwa mbu hakujathibitisha kwamba mbu anavirudisha kwa mtu mwingine. Kabla Ross hajamaliza, jeshi likamhamisha akapelekwa mahali ambapo wagonjwa wa malaria walikuwa adimu. Alipofika Kolkata mwaka uliofuata, watu hawakutaka kuchomwa sindano na daktari wa serikali, basi akageukia ndege, ambao wana malaria yao. Msaidizi wake, Muhammad Bux, alishughulika na kukamata na kulisha mbu. Julai 1898 Ross akaviona vimelea vimefika kwenye tezi za mate za mbu, akawaachia mbu hao wawaume shomoro wazima, na shomoro wakaugua. Mzunguko ukafungwa.

Ukafungwa kwa ndege. Kwa binadamu, waliofunga mzunguko ni Waitaliano, Giovanni Battista Grassi, Amico Bignami na Giuseppe Bastianelli, mwishoni mwa mwaka huohuo, nao ndio waliomtaja mbu mwenyewe kuwa ni Anofelesi. Tuzo ya Nobel ya mwaka 1902 akapewa Ross peke yake, na ugomvi wake na Grassi ukadumu hadi Grassi alipokufa. Soma tena lango la Kolkata: limeandikwa malaria, bila kusema ya nani. Shomoro hawamo. Muhammad Bux hayumo, wala Husein Khan na anna zake.

Na kuna watu wengine wasiokuwamo, wa kwetu. Richard Burton, msafiri Mwingereza, katika habari za safari yake zilizochapwa mwaka 1856, aliandika kwamba Wasomali wa mji wa pwani wa Zeila walimwambia kuumwa na mbu huleta homa za kuua. Yeye akaona ni ushirikina tu: mbu na homa huja msimu mmoja, ndiyo maana watu wanaviunganisha. Miaka 40 hivi baadaye Robert Koch, daktari Mjerumani, akiwa Afrika Mashariki ya Wajerumani, akaeleza kwamba watu wa milima ya Usambara wanaposhuka nyanda za chini hupata homa wanayoiita "mbu", kwa sababu, walisema, wadudu wenye jina hilo huwauma huko chini. Ugonjwa na mdudu, jina moja! Nadharia nzima imo ndani ya neno la silabi mbili.

Je, basi Ross avuliwe kibao, wavishwe Washambaa? Sidhani. Kujua kwao kulikuwa kujua kwa kweli, kulikotokana na kuzika watu. Ila hakukusema ni mbu yupi kati ya wengi, amebeba nini, na kinapita njia gani, na kwa sababu hiyo Burton aliweza kukaa na kalamu yake akakupuuza. Kazi ya Ross na Waitaliano ilikuwa kuufanya ukweli huo usiweze kupuuzwa tena. Hapa ndipo "aligundua" inapofumuka mkononi. Kuna kushuku, na waliofanya hivyo ni wa Zeila, wa Usambara, na Manson. Kuna kuona, aliko Laveran, na Ross wa 1897. Kuna kuthibitisha, ambako Ross na Waitaliano wanagombania. Halafu kuna kutangaza, ambako mwenye jarida na lugha ya jarida daima anatangulia. Kibao kinazifunga kazi zote hizo kwenye furushi moja na kulitwika jina moja.

Burton anatupeleka kwa mwenzake wa safari aliyegeuka hasimu wake, John Hanning Speke. Vitabu vyetu vya historia vina neno zuri kwa watu hawa: wapelelezi. Wagunduzi ni jina walilojipa wao. Speke alifika Jinja, mahali Nile inapotoka ziwani, tarehe 28 Julai 1862, akiongozana na watu kama Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyewahi kuuzwa utumwani, na akakuta watu wanavua samaki hapohapo. Alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe tarehe 15 Septemba 1864, siku moja kabla ya mdahalo na Burton kuhusu chanzo cha Nile. Mnara wake umesimama Kensington Gardens, London. Maandishi yake, ukiyatafsiri, ni haya: Kwa kumbukumbu ya Speke, Victoria Nyanza na Nile, 1864. Kitenzi hakuna. Wakati ule mabishano yalikuwa bado moto, na ziwa na mto vikawekwa sambamba tu, msomaji ajaze mwenyewe. Ni maandishi ya woga, lakini kwa bahati ndiyo yaliyozeeka vizuri kuliko mengi niliyoyataja.

Tarehe nazo zina vituko vyake. Dublin, kwenye daraja la Broom juu ya mfereji wa Royal Canal, kuna bamba lililozinduliwa mwaka 1958 na Éamon de Valera, mwanasiasa aliyewahi kuwa mwalimu wa hisabati. Linasema kwamba tarehe 16 Oktoba 1843, akipita hapo kwa miguu, mwanahisabati William Rowan Hamilton kwa mmweko wa kipaji aligundua kanuni ya kuzidisha kwaternioni, akaichonga kwenye jiwe la daraja: i² = j² = k² = ijk = −1. Ni namba ambazo leo zinasaidia kompyuta kuzungusha vitu kwenye michezo ya video na kuelekeza setilaiti angani. Mchongo wa kisu chake umeshafutika. Na huo mmweko? Hamilton alikuwa ameshindana na swali hilo kwa miaka. Mwezi uleule, kila asubuhi aliposhuka kunywa chai, wanawe walimuuliza: "Baba, unaweza sasa kuzidisha namba tatutatu?" Naye hujibu kwa kutikisa kichwa kwamba hapana, anaweza kuzijumlisha na kuzitoa tu. Bamba limeitunza dakika ya darajani, likaziacha chai zote zile.

Cambridge, kwenye baa ya The Eagle, mambo yalikwenda mbali zaidi. Kibao cha mwaka 2003 kilisema kwamba hapo, tarehe 28 Februari 1953, Francis Crick na James Watson walitangaza kwa mara ya kwanza ugunduzi wao wa jinsi DNA inavyobeba taarifa za urithi. Aliyekizindua ni Watson. Aliyesimulia kwamba Crick aliingia baani akisema wamepata siri ya uhai ni Watson huyohuyo, na Crick aliandika baadaye kwamba yeye hakumbuki kusema hivyo. DNA yenyewe kama kitu ilikwisha kutengwa mwaka 1869 na Friedrich Miescher huko Tübingen; kilichopatikana Cambridge ni umbo lake. Na umbo hilo lisingepatikana upesi vile bila vipimo vya mwanasayansi Rosalind Franklin na ile picha ya miale ya eksirei iliyopigwa na mwanafunzi wake Raymond Gosling mwaka 1952, ambayo Watson alionyeshwa bila Franklin kujua. Franklin alikufa mwaka 1958, na tuzo ya Nobel ikatoka mwaka 1962. Basi kuna wakati mtu fulani alichukua kalamu, akaongeza kwenye kibao kile alama ya kujumlisha na jina moja: + Franklin. Sishabikii kuchafua kuta za watu, lakini wahariri wengi hawajawahi kufanya sahihisho fupi namna ile.

Narudi Usambara, maana huko kuna jambo ambalo kibao chake kingenitoa jasho ningeambiwa nikiandike. Shule ya sekondari Magamba, Lushoto, mwaka 1963. Wanafunzi wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, kisha wanaweka kwenye friji yawe aisikrimu. Nafasi ni chache, na Erasto Mpemba, akihofia kuikosa, anaingiza yake ikiwa ya moto. Yake inaganda kabla ya ya mwenzake. Anamuuliza mwalimu, anaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye rafiki yake anayeuza aisikrimu mjini Tanga anamwambia kwamba wao wanatia ya moto siku zote, inaganda upesi. Mwalimu mwingine anamjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Akiwa shule ya Mkwawa, Iringa, anamuuliza mgeni kutoka chuo kikuu, Denis Osborne, darasa linacheka, lakini Osborne anakwenda kujaribu. Mwaka 1969 wakachapisha makala pamoja, na jambo hilo likapewa jina la Mpemba dunia nzima.

Niandike kwamba aligundua? Watengeneza aisikrimu wa Tanga walikwisha kujua, na Aristotle aliwahi kutaja jambo linalofanana na hilo. Niandike kwamba alithibitisha? Mwaka 2016 wanafizikia wawili walirudia majaribio kwa uangalifu na kusema hawaoni ushahidi wa kuridhisha kwamba jambo hilo lipo, na wengine wanaendelea kulitafutia sababu mpaka leo. Ningekwama kwenye kitenzi. Kwa hiyo ningeacha jina, shule na mwaka, na chini yake ningeweka maneno aliyomwambia Osborne mbele ya darasa linalocheka, na alama ya kuuliza yake: ukichukua vyombo viwili vinavyofanana, vyenye maji kiasi sawa, kimoja cha nyuzi 35 na kingine cha nyuzi 100, ukaviweka kwenye friji, kile cha nyuzi 100 kinaganda kwanza. Kwa nini?